Shajara ya mradi wa kustaafu: kujaza miezi 12

Februari 2021. Lengo na hesabu ya kwanza

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, Iringa. Niliajiriwa 2003, na Mungu akijalia nitastaafu kwa lazima 2033 nikiwa na miaka 60. Mradi huu una lengo moja tu: ifikapo siku hiyo, kila mwezi wa mwaka uwe na fedha yake inayoingia nje ya pensheni, bila mimi kuuza chochote na bila kumpigia mtoto simu.

Naanza na pensheni kwa sababu ndiyo msingi, na kila kitu kingine kinapimwa dhidi yake. Nimechukulia kwamba wastani wa mshahara wangu wa miaka mitatu bora utakuwa 1,500,000 kwa mwezi, yaani 18,000,000 kwa mwaka, na miezi ya kuchangia itakuwa 360. Kwa kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) cha zamani cha PSPF, mfuko wetu wa pensheni wa watumishi wa umma, unazidisha mshahara wa mwaka kwa miezi, unagawa kwa 540. Inatoka 12,000,000. Nusu yake unaizidisha kwa 15.5, hiyo ndiyo mkupuo, fedha unayolipwa kwa mara moja ukistaafu: milioni 93. Nusu nyingine unagawa kwa 12, hiyo ndiyo pensheni ya mwezi: 500,000.

Hesabu hiyo ndiyo walimu wengi wa rika langu wanayo kichwani. Ndiyo iliyojenga nyumba za waliotutangulia. Lakini baada ya mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma kuunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018 kanuni mpya zilileta kigawanyo cha 580, kizidisho cha 12.5 na mkupuo wa asilimia 25. Watumishi walilalamika, na Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza kikokotoo cha zamani kiendelee kwa kipindi cha mpito hadi 2023. Mimi 2023 nitakuwa bado nashika chaki. Kwa hiyo nimeamua kujipangia kwa kile kilichositishwa: mkupuo wa karibu milioni 35, na pensheni ya karibu 698,000 kwa mwezi. Kikija kizuri zaidi, alhamdulillah.

Matumizi ya nyumba yangu, watoto wakishamaliza shule, nimeyakadiria 1,200,000 kwa mwezi kwa bei za leo. Pengo ni kama 500,000. Kwa mwaka, milioni 6. Mkupuo sitauhesabu humu kabisa. Huo ni wa kumalizia nyumba na wa maradhi.

Mke wangu ana duka la vitambaa. Amekubali aendelee kuchangia NSSF kwa hiari, na mimi niweke 300,000 kila mwezi katika mradi huu. Kwa miaka 12 hiyo ni milioni 43.2. Ikizaa asilimia 12 kwa mwaka na kila riba ikarudishwa kazini, inafika karibu milioni 87. Zaidi ya nusu ya mradi, basi, ni riba, pamoja na riba iliyozaliwa na riba. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza niliyoiandika juu ya daftari ni kwamba hadi 2033 hakuna riba inayoliwa.

Aprili 2021. Hatifungani ya miaka 25

Benki Kuu imeleta hatifungani ya miaka 25 kwa mara ya kwanza: unaikopesha serikali, inakulipa riba miaka yote hiyo, na mwishoni inarudisha mtaji. Kuponi, yaani riba hiyo ya mwaka, ni asilimia 15.95. Ya miaka 20 ni 15.49. Hadi sasa nilikuwa nikikusanya kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ambamo unanunua vipande, na nitaendelea kuutumia kama mahali pa kusubiria: 300,000 zinaingia kila mwezi, zikifika milioni zinahamia kwenye hatifungani, kwa sababu kiwango cha chini cha kununua kwenye mnada wa Benki Kuu ni 1,000,000 na juu ya hapo unaongeza kwa laki laki.

Nimepita benki kufungua akaunti ya CDS, inayotunza kumbukumbu za hatifungani zangu, na kujaza fomu ya zabuni. Binti wa dirishani ananifahamu, nilimfundisha kidato cha tatu.

"Shikamoo mwalimu. Unaweka ya ushindani au isiyo ya ushindani?"

"Marahaba mwanangu. Isiyo ya ushindani."

Nieleze kwa nini, maana wenzangu waliniuliza. Zabuni ya ushindani unataja bei yako mwenyewe kwa kila shilingi 100 ya hatifungani. Ukitaja ya chini sana unakosa. Ukitaja ya juu unapata lakini umelipa zaidi ya jirani yako. Isiyo ya ushindani unapokea bei ya wastani ya walioshinda. Mwenye milioni moja hana sababu ya kupambana na mabenki na mifuko ya pensheni kwenye desimali. Kuna la kukumbuka tu: bei inaweza kuwa chini ya 100 au juu yake, na hiyo hubadilisha faida halisi. Ukilipa 96 kwa hatifungani ya 15.95, unapata karibu asilimia 16.6 kwa fedha uliyoitoa, kwa sababu kuponi inahesabiwa kwenye 100 na si kwenye 96.

Kuponi ya milioni moja ni 159,500 kwa mwaka. Inalipwa mara mbili, 79,750 kila baada ya miezi sita, moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Haikatwi kodi, kwa kuwa hatifungani za muda mrefu za serikali zimesamehewa.

Oktoba 2021. Kalenda

79,750 imeingia. Ujumbe wa benki umefika asubuhi nikiwa darasani, na nilipomwonyesha mke wangu jioni alitoa hoja iliyobadilisha umbo zima la mradi. Alisema: hii inakuja Aprili na Oktoba, je, Januari tunalipa ada kwa fedha gani?

Kweli. Hatifungani hulipa kufuata mwezi iliotolewa. Iliyotolewa Aprili hulipa Oktoba na Aprili. Iliyotolewa Januari hulipa Julai na Januari. Kwa hiyo jozi za miezi ziko sita: Januari na Julai, Februari na Agosti, Machi na Septemba, Aprili na Oktoba, Mei na Novemba, Juni na Desemba. Ukiwa na hatifungani katika kila jozi, mwaka mzima hauna mwezi mkavu. Mtu anayenunua milioni 50 kwa mpigo kwenye mnada mmoja anapata kuponi nene mara mbili kwa mwaka; anayenunua kidogo kidogo kwa kufuata jozi anajitengenezea kitu kinachofanana na mshahara, kwa fedha ileile.

Nimechora jedwali la miezi 12 kwenye karatasi ya manila na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Aprili na Oktoba zimejazwa kwa kalamu ya bluu. Benki Kuu hutoa ratiba ya minada mapema, na minada huwa Jumatano, kwa hiyo najua kabisa ni mnada upi utajaza jozi ipi. Kuanzia sasa swali langu kabla ya mnada ni "mwezi gani uko wazi?", na riba nitaitazama baada ya hapo.

Mei 2022. Kuponi zimeshushwa

Hatifungani mpya za miaka 25 sasa ni asilimia 12.56. Za miaka 20 ni 12.10. Chumba cha walimu hakuna mazungumzo mengine. Waliokuwa wakijiandaa kununua wamevunjika moyo, na walionunua mwaka jana wanaambiwa na kila mtu: uzeni sasa, mna dhahabu mkononi.

Nimekaa na hesabu hiyo jioni nzima kwa sababu ina mafunzo. Hatifungani yangu inalipa 15.95 na imebakiza miaka 24. Soko likitaka 12.56 tu, kwa hesabu ya karatasi bei yake inapanda hadi kama 125 kwa kila 100. Milioni yangu sasa inaweza kuitwa 1,255,000. Bei halisi ya soko la upili, ambako wenye hatifungani huuziana, kupitia dalali inaweza kuwa pungufu ya hapo, lakini tuseme nimeipata yote. Nauza, faida 255,000. Kisha nafanya nini na 1,255,000? Mimi nahitaji kipato, kwa hiyo narudi mnadani na kununua ya 12.56. Inanipa 157,600 kwa mwaka. Niliyouza ilikuwa inanipa 159,500.

Yaani kwa mtu anayeishi kwa kuponi, faida ile haipo. Bei imepanda kwa sababu hiyohiyo ambayo imefanya kipato kuwa ghali kukinunua upya. Anayenufaika ni yule anayetaka kutoka kabisa, akajenge au akalipe ada ya chuo. Mimi siendi popote, hatifungani inabaki.

Kinachonigusa kweli ni upande mwingine: kuponi zinazoingia sasa zitapandwa kwa 12.56, si 15.95. Mtaji wa kuziba pengo la milioni 6 kwa mwaka ulikuwa milioni 37.6 kwa riba ya mwaka jana. Kwa riba ya leo ni milioni 47.8. Milioni 10 zimeongezeka kwenye lengo bila matumizi ya nyumbani kubadilika hata senti. Nashukuru hesabu ya Februari 2021 niliiweka kwenye asilimia 12.

Julai 2022. Kikokotoo cha asilimia 33

Kimeanza kutumika tarehe 1: 580, 12.5, na mkupuo wa asilimia 33. Kwangu: mkupuo milioni 46.1, pensheni ya mwezi karibu 624,000. Mkupuo ni nusu tu ya zile milioni 93, pensheni ya mwezi imezidi 500,000 za zamani kwa karibu 124,000.

Nawaelewa wenzangu wanaoumia, hasa wanaostaafu mwaka huu na kesho. Mtu amepanga maisha yake kwa miaka 30 kwa namba moja, na namba imebadilika akiwa mlangoni. Anayesema "lakini pensheni ya mwezi imepanda" hasemi uongo, ila nyumba ambayo haijaezekwa haiezekwi kwa 124,000 kwa mwezi.

Kwa mradi: pensheni 624,000, pengo 576,000. Nimeandika upya.

Machi 2023. Kwa nini si hatifungani tupu

Nimejaza jozi tatu. Kabla ya kuendelea nimesimama kwenye udhaifu mkubwa wa mpango huu, nao ni kwamba 79,750 itabaki 79,750 hadi 2046. Mfumuko wa bei nchini kwa miaka hii umekuwa wa tarakimu moja, ya chini, na watu wameuzoea kiasi kwamba hawauhesabu. Uhesabu. Hata ukiwa asilimia 5 tu kwa mwaka, kinachonunuliwa kwa 1,000 leo kitahitaji karibu 3,400 baada ya miaka 25. Kuponi haitajua.

Lazima basi kuwe na kitu ambacho malipo yake hukua. Hapo ndipo hisa zinapoingia, na nimeziingiza kwa uangalifu. Soko la Hisa la Dar es Salaam limefanya kazi tangu 1998 na kampuni zake bado ni chache. Siku nyingine hisa uliyoitaka haina muuzaji, au unayoiuza haina mnunuzi. Sasa hivi unaweza kununua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, jambo jema kwetu tulio mbali na Dar, ila wepesi wa kubonyeza hauongezi idadi ya wanunuzi sokoni.

Nimetazama gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, badala ya bei. Benki ya CRDB: kwa mwaka wa fedha 2017 walilipa shilingi 5 kwa hisa, 2018 wakalipa 8. Mtu aliyestaafu akitegemea gawio hilo alikuwa na miaka miwili ya njaa. Kisha 17, 22, 36. Benki ya NMB kwa 2020 ililipa 137 na kwa 2021 ikalipa 193. Gawio likipanda namna hiyo linafanya kazi ambayo kuponi haiwezi. Lakini miaka ya 5 na 8 inabaki kwenye daftari, nayo ndiyo inayoamua ukubwa wa fungu: hisa zitakuwa robo ya mradi, hazitazidi, na gawio halitahesabiwa kwenye kalenda ya miezi. Likija linarudi kazini.

Walimu wenzangu wengi walinunua Vodacom mwaka 2017, sheria ilipoitaka kampuni ya simu iorodheshwe. Bei ilikuwa 850, na ilikaa chini ya hapo miaka na miaka. Wengine hadi leo wakisikia neno hisa wanaondoka kwenye mazungumzo. Sidhani kwamba hisa ni mbaya. Nadhani waliambiwa wanunue kitu kimoja, kwa fedha yote, kwa sababu kila mtu alikuwa ananunua.

Aprili 2024. Riba zinarudi

Mambo yamegeuka. Januari mwaka huu Benki Kuu ilianza kutumia riba yake ya sera, inayoongoza riba nyingine, ikaiweka asilimia 5.5, mwezi huu imeipandisha hadi 6. Serikali imepandisha pia kuponi za hatifungani ndefu, zimerudi juu ya 15. Nimejaza Februari na Agosti kwa riba nzuri kuliko zote tangu 2021.

Lakini kuna mwenzangu mmoja aliyenunua ya 12.56 mwaka 2022, akiba yake yote. Mwezi uliopita mwanawe alihitaji fedha ya haraka ya chuo. Alikwenda kwa dalali kuuza. Hatifungani ya 12.56 iliyobakiza miaka 23, soko likitaka kama 15.75, kwa hesabu ni kama 80 kwa kila 100. Milioni kumi inaitwa milioni nane. Alikuja kwangu na karatasi akiuliza kama amedhulumiwa. Hakudhulumiwa. Ni hesabu ileile ya Mei 2022, imegeuzwa upande. Riba ikishuka bei hupanda, riba ikipanda bei hushuka, na kadiri miaka iliyobaki ilivyo mingi ndivyo bei inavyoyumba zaidi.

Tumepata njia nyingine. Amekopa SACCOS ya walimu kiasi kidogo, na kuponi zake ndizo zitakazolipa, hatifungani haikuuzwa. Ila tukio hilo limenifanya nipandishe akiba ya dharura. Mfuko wa Ukwasi sasa hautashuka chini ya matumizi ya miezi sita ya nyumba yangu, hata kama mnada mzuri unapita mbele ya macho. Ukiomba fedha yako kule unalipwa ndani ya siku chache za kazi, na bei ya kipande haiyumbi kama hatifungani ya miaka 25. Faida yake ni ndogo kidogo, na naiona kuwa ada ninayolipa ili nisilazimishwe kuuza siku mbaya.

Juni 2024. Asilimia 40, na miezi 150

Bajeti ya mwaka huu imebadilisha tena. Sisi tuliokuwa kwenye kundi la mkupuo wa asilimia 50 na tukashushwa hadi 33, sasa tutapata 40. Wale waliokuwa 25 wakapandishwa 33, sasa watapata 35.

Chumba cha walimu kimeshangilia. Nami nimefurahi, ila nimeomba tuipige hesabu ubaoni wakati wa mapumziko ya saa nne. Kwa mfano wangu wa siku zote:

Mkupuo kwa 33: 46,086,000. Kwa 40: 55,862,000. Nyongeza ni karibu 9,776,000.

Pensheni ya mwezi kwa 33, yaani asilimia 67 inayobaki: 623,800. Kwa 40, inayobaki ni 60: 558,600. Pungufu ni karibu 65,200 kila mwezi.

Gawa 9,776,000 kwa 65,200. Unapata miezi 150. Miaka 12 na nusu, na ndiyo ile 12.5 ya kwenye kikokotoo. Maana yake ni kwamba mfuko unakulipa leo pensheni ya miaka 12 na nusu ya kile kipande ulichokiachia. Ukistaafu na miaka 60 na ukaitumia yote, ukifika 72 na nusu umeanza kuikosa pensheni ile, na utaikosa hadi mwisho.

Mwalimu mmoja wa kike wa fizikia aliuliza swali ambalo ndilo lenyewe: "Na nikiiweka kwenye hatifungani?" Tukaiweka. 9,776,000 kwa asilimia 12 ni 1,173,000 kwa mwaka, sawa na 97,750 kwa mwezi, na mtaji upo, watoto watarithi. Inazidi 65,200. Kwa hiyo nyongeza hii ni nzuri sana kwa anayeipeleka kazini siku anayoipokea, na ni mkopo kutoka uzeeni kwa anayeipeleka kwenye gari. Fedha ni ileile, tarehe ni ileile. Nilipofuta ubao kengele ilikuwa imekwisha kulia na hakuna aliyekuwa ameondoka.

Kwa mradi wangu: pensheni 558,600, pengo limekuwa 641,000 kwa mwezi. Nimebadilisha pia kanuni ya mwanzo: zile milioni 9.8 za nyongeza zitaingia kwenye kalenda. Milioni 46 zinabaki za nyumba na maradhi.

Novemba 2024. Dola

Mwaka huu shilingi imetikisika. Januari dola ilikuwa karibu 2,500, Oktoba imepita 2,700, na sasa shilingi inajirudi kwa kasi. Kuna wenzangu waliohamisha akiba kwenda dola wakati wa kilele. Mimi sikufanya hivyo. Mahindi, kodi ya maji, mshahara wa fundi na nauli ya Iringa hadi Mafinga hulipwa kwa shilingi, na kuponi yangu ni ya shilingi. Mafuta na dawa hufuata dola, hilo nalijua, na ndiyo kazi ya lile fungu la robo la hisa.

Pia kundi la WhatsApp la ukoo limeletewa "uwekezaji" unaolipa asilimia 30 kwa mwezi. Nimeandika pale kwamba hatifungani ya serikali, kwa fedha iliyofungwa miaka 25, inalipa nusu ya hiyo kwa mwaka mzima. Tulio na umri tunaikumbuka DECI ya 2009, upatu wa aina hiyohiyo, watu "wakipanda mbegu" kwa imani kamili. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Nimempigia simu mwenyewe, shikamoo shangazi, nikamweleza taratibu hadi akaelewa.

Januari 2025. Dhamana za makampuni

Hatifungani ya Samia ya miundombinu iliyotolewa na CRDB ilikuwa ya asilimia 12, miaka mitano, ikilipa kila robo mwaka. Watu waliinunua kwa wingi kupita lengo. Nimenunua kidogo kwa sababu mbili: kulipa kila baada ya miezi mitatu kunasaidia kalenda, na miaka mitano inaishia 2030, kabla sijastaafu, kwa hiyo mtaji utarudi nikiwa bado na mshahara na nitaupanda upya kwa riba ya wakati huo. Hadi sasa kila nilichonacho kilikuwa kinaiva baada ya 2040. Ni vizuri baadhi ya fedha irudi njiani.

Aprili 2025. Faili

Hii si habari ya soko, lakini nimeipa muda kuliko mnada wowote. Amefariki mwalimu mstaafu tuliyemheshimu sana hapa mjini. Alikuwa na hatifungani, vipande vya UTT na hisa, na mjane wake hakujua hata moja. Alichokijua ni kwamba "mzee alikuwa na karatasi za benki." Tumemsaidia kwa wiki nyingi: cheti cha kifo, kikao cha ukoo na muhtasari wake, Mahakama ya Mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi, kisha kuzunguka taasisi moja baada ya nyingine kuuliza kama marehemu alikuwa na akaunti. Kuponi zilikuwa zikiingia muda wote huo kwenye akaunti ya benki ambayo mjane hakuweza kuigusa.

Nimerudi nyumbani na kukaa na mke wangu. Tumetengeneza faili moja lenye namba ya CDS, namba ya mwekezaji ya UTT, namba ya akaunti ya hisa, jina la benki na tawi, na jedwali la kila hatifungani: mwaka, kuponi, miezi ya malipo, tarehe ya kuiva. Mrithi ameandikwa kila mahali panaporuhusu. Tumeamua pia hatifungani zijazo za jozi mbili ziwe kwa jina lake, zilipe kwenye akaunti yake, ili mmoja akiondoka nyumba isikose fedha siku hata moja kwa kusubiri muhuri. Binti yetu mkubwa ameonyeshwa faili lilipo. Hakupenda mazungumzo hayo, lakini alisikiliza.

Nawasihi wanaume wenzangu hasa. Tunaficha fedha tukidhani tunazilinda, na tunaowaficha ndio tunaowatafutia.

Julai 2025. Hali ilivyo

Benki Kuu imeshusha riba yake kutoka 6 hadi 5.75. Faida za minadani zinashuka tena, na chumba cha walimu kimeanza upya: walionunua 2024 wanaambiwa wauze, wasionunua wanaambiwa wamechelewa. Mmoja amenisogelea akitaka nimwambie kama asubiri riba zipande. Nimemuuliza anastaafu lini. Amesema 2041. Ana minada ya miaka 16 mbele yake, ya riba za kila namna. Nimemwambia aanze na milioni ya kwanza na kalenda.

Gawio la CRDB la mwaka wa fedha 2024 limekuwa 65 kwa hisa, linalobaki baada ya kodi ya asilimia 5 ni 61.75. La NMB limepita 428. Bei za hisa zote mbili zimepanda sana na fungu la hisa limevuka robo niliyojiwekea. Sitauza, nitaacha kuongeza hisa kwa sasa, na gawio lote la mwaka huu litaenda Ukwasi kusubiri mnada, hadi uwiano urudi wenyewe.

Kwenye mlango wa kabati, jozi tano kati ya sita zimejazwa. Iliyobaki wazi ni Juni na Desemba. Hatifungani hiyo itakuwa ya mke wangu. Akaunti yake ya CDS imeshafunguliwa, na fedha iliyoko Ukwasi inatosha bila kugusa akiba ya miezi sita. Kazi zilizobaki kwa mwaka huu: kuangalia ratiba ya minada ya Desemba itakapotoka, kurudia makadirio ya 1,200,000 kwa bei za sasa maana ni ya 2021 na mchele haujasimama, na kuomba PSSSF taarifa ya michango yangu ili nihakikishe kwamba miezi yote tangu 2003 imo. Kila mwezi unaokosekana kwenye ile 360 unapunguza mkupuo na pensheni kwa pamoja, na ni rahisi kuufuatilia leo, kumbukumbu za mwajiri zikiwa zinapatikana, kuliko 2033.